Mtoto wangu anatoa vichwa vya sambaza mbele ya kula: ni vita, ni simu, ao ni siye wazazi?

MamaWaNdosho
Habari ya mangaribi wote. Niko mama wa batoto ine, tuko Goma upande wa Ndosho. Kijana yangu wa tatu iko na miaka 12. Tangu wiki mbili hivi, nikipika sambaza, bale samaki badogo ba ziwa, mbele ya kula anatoa vichwa vyote, moja moja, na kidole, anavipanga pembeni ya sahani kisha anavifunika na kipande ya bugali. Nilifikiri ni mchezo. Siku ya tatu nikamuuliza, akanijibu tu, mama, vinaniangalia.

Hana simu yake. Anachukuaka yangu mangaribi, anasema ni ya mazoezi ya masomo. Basi nikafungua galari, na mimi galari yangu siingiakamo kabisa, nikakuta mavideyo mia na kitu ambayo mimi mwenyewe sikufungua hata moja. Batu balikufa, barabarani, bengine hata hawakufunikwa. Zote zimetoka mu grupu ya familia, na ile ya bamama wa kanisa, na ile ya avenue. Tangu ile wiki ya mwisho ya mwezi wa 1 2025 wakati masasi ilikuwa mu mji kila mutu alikuwa anatuma, na mi nilikuwa nafuta jumbe nikizani nimefuta yote, kumbe zilikuwa zinalala mule.

Swali yangu ni moja: nimunyanganye simu, ao niongee naye, ao niache itapita? Baba yake anasema itapita. Mnisaidie.

Kadutu_Boy
Pole mama. Lakini sambaza bila kichwa hiyo si sambaza, hiyo ni sindano 😂

Kweli kweli, munyanganye. Siye tulikomaa bila hizi vitu na tuko salama.

Etidia21
@Kadutu_Boy uko salama gani na kila siku uko hapa saa nane ya usiku?

Mama pole sana. Lakini naomba niseme kitu na wakubwa msikasirike. Kila siku mnasema batoto baharibiwa na TikTok, TikTok, TikTok. Soma tena vile mama aliandika. Grupu ya familia. Grupu ya kanisa. Grupu ya avenue. Mu izo grupu nani anatuma? Ni baanko na batantini. Mimi TikTok yangu ni mapishi na mpira, mtu aliyenitumia videyo ya maiti ya kwanza katika maisha yangu ni anko yangu mwenye miaka 58, akaandika chini «Mungu atusaidie, tuma kwa wengine».

Chukudu_Moja (msimamizi)
Mapema niseme: hapa hatutaji jeshi wala mkubwa wa chama, huu uzi ni wa watoto. Atakayeingiza siasa nafuta bila kuaga. Mama karibu.

Mwalimu_Himbi
Mama, asante kwa kuleta hili jambo. Mimi nafundisha darasa la sita. Mwaka jana wakati masomo yamerudi, kulikuwa na mtoto mmoja ambaye simu ya dada yake ilikuwa inaita kwa mlio wa masasi, kweli, alikata sauti kutoka kwenye videyo akaiweka kuwa mlio. Aliileta darasani siku moja, ikaita. Watoto 50 na zaidi wote chini ya madawati kwa mara moja. Na yeye akacheka. Nilitaka kumpiga, mkono ukakataa, maana niliona midomo yake inatetemeka na huku anacheka.

Kwa hiyo, @Kadutu_Boy, kunyanganya simu si jibu. Hicho kitu kiko ndani yake tayari. Hata wenzetu wa Australia wamepitisha sheria mwezi wa 11 2024, ikaanza kufanya kazi tarehe 10 Desemba 2025, kukataza mitandao kwa walio chini ya miaka 16. Nchi yenye polisi na umeme. Na mpaka sasa wanabishana.

Etidia21
Na WhatsApp haimo mu ile orodha yao, mwalimu. Walikataza TikTok, Instagram, Facebook na zingine, lakini kutumiana ujumbe waliacha. Kwa hiyo hata kama tungekuwa Australia, mtoto wa mama angeona vile vile.

Lushois_Kamalondo
Jambo yenu ba Goma. Huku Lubumbashi hatukusikia masasi ile mwaka, lakini matatizo iko paka ile ile, imevaa nguo ingine. Mtoto ya dada yangu, binti, iko na miaka 15, yeye hana shida ya maiti, yeye iko na shida ya ngozi. Kutwa anaangalia babinti ba Kinshasa na ba Ulaya banapaka mafuta ya kugeuza ngozi, kisha anajiangalia mu kioo. Ameacha hata kwenda kuchota maji mchana ju ya jua. Kuna yule mama Frances Haugen alitokaka Facebook 2021 na makaratasi ya ndani, imeandikwa Instagram inaharibia binti moja kwa tatu. Kampuni yenyewe ilikuwa inajua. Sasa mnasema ni baanko?

Dada_Nguba
Nawasalimu kutoka Bukavu. Mimi nafanya kazi ya kusikiliza watu, mambo ya saikolojia, kwenye kituo kimoja, naomba nichangie.

@Lushois_Kamalondo karibu sawa lakini rekebisha kidogo. Ile karatasi haikusema Instagram inaharibia kila msichana mmoja kati ya watatu. Ilisema 32% ya wasichana walijibu kwamba wakati tayari wanajisikia vibaya juu ya mwili wao, Instagram inawazidishia. Ni tofauti. Kidonda kilikuwepo, wao wanaweka chumvi. Kwa binti yenu ningeanza kwa kuuliza nani alimwambia kwanza kwamba ni mweusi sana, mara nyingi ni mtu wa nyumbani.

@MamaWaNdosho, usimnyanganye kwanza. Ukimnyanganya leo, kesho akiona kibaya kwingine hatakuambia, ataogopa atapoteza simu. Mtafute wakati mnafanya kazi pamoja, si kumuweka kwenye kiti kama kwenye kesi, umuulize taratibu: uliona nini? Halafu unyamaze. Kunyamaza ndiyo ngumu.

Na kuna utafiti ambao nauambiaga kila mzazi. Baada ya zile bomu mbili za mbio za Boston kule Marekani, 15 Aprili 2013, waliuliza watu zaidi ya 4,000. Wale waliokuwa wanaangalia habari za ile bomu saa sita na zaidi kwa siku, ile wiki ya kwanza, walikuwa na mshtuko mkubwa kuliko hata wale waliokuwa pale pale zilipolipuka. Kwa hiyo picha si kitu kidogo. Kuangalia mara mia ni kama kila mara unarudi.

ShangaziBagira
Amina dada lakini hapo hamjataja roho. Mtoto anayeona samaki inamuangalia, huyo anahitaji maombi. Ni roho ya mauti, inaingiaka kwa macho. Mama njoo Bukavu tukuombee, ao tafuta bamama hapo hapo Goma.

Kadutu_Boy
Shangazi, ile grupu ya bamama ba kanisa ndo imetuma mavideyo 😂😂 sasa tena ndo wamuombee?

ShangaziBagira
Wewe mtoto wa Kadutu mimi nakujua, na mama yako namjua.

PapaWaLiege
Niko Ubelgiji mwaka wa 11 sasa, familia yangu iko Katindo, hapo Goma. Nilivyosoma ile ya Boston nikasimama kidogo. Ile wiki ya masasi Goma, mimi sikulala. Wao Katindo walikuwa chini ya vitanda, hawana umeme, hawana mega za intaneti, hawakuona kitu ila walisikia. Mimi huku kwenye kiti cha joto nimeona yote, kila kona, kila barabara. Mpaka leo nikisikia mlango wa gari unapigwa naruka, na bibi yangu ananiuliza wewe uliogopa nini na hukuwako. Mdogo wangu aliyekuwako, yeye anauza tena dukani kwake, anacheka. Nikimwambia mimi ndiye mgonjwa atanitukana.

FundiSimu_Majengo
Ndugu yetu wa Ubelgiji usilinganishe. Boston bomu mbili siku moja ikaisha. Na wale wa Boston kama wako pale pale wakarudi nyumbani wakawasha taa. Huku mdogo wako anacheka juu hana pa kulilia, acha nimalize, mi sikatai utafiti wa dada, lakini kusema aliyeangalia anaumia kuliko aliyekuwako, huku Goma ukisema hivo pa barabara watakupiga mawe.

Dada_Nguba
@FundiSimu_Majengo una haki, na mimi sikusema kuliko kwa kila mtu na kila mahali. Ni Boston. Hapa mtu anakuwa vyote viwili, amesikia na ameangalia.

Mwalimu_Himbi
Na kuna utafiti mwingine unaosema kinyume, tuwe wakweli. Oxford, 2019, Orben na Przybylski, walichukua majibu ya vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani, wakapata kwamba matumizi ya hivi vyombo hayaelezi hata nusu ya asilimia moja ya tofauti ya hali zao, 0.4% ndiyo ya juu kabisa. Wakalinganisha na mambo mengine ya maisha. Unajua karibu kilikuwa sawa na nini? Kula viazi.

Kadutu_Boy
NILIJUA. Ni viazi. Ba Goma munakula viazi sana, asubuhi viazi mangaribi viazi, njo maana.

FundiSimu_Majengo
Viazi ya Masisi ni dawa, wewe endelea na pombe yako ya kasiksi.

Lushois_Kamalondo
Hapa kwetu ni bukari tu, na binti bado anajiangalia mu kioo. Viazi si yenyewe.

Dada_Nguba
Mwalimu, huo utafiti nauheshimu ila wao walipima hasa ni muda gani, saa ngapi. Hawakupima nini mtoto ameona ndani ya zile saa. Saa moja ya mpira na saa moja ya maiti, kwenye ile hesabu ni saa moja.

Etidia21
Hapo dada umesema.

FundiSimu_Majengo
Sasa naomba niseme kitu na mnihukumu mkitaka. Mimi niko na kibanda, natengeneza simu, nachajisha, na naweka mavideyo mu kadi memori. 500 franka unapata karibu kadi kujaa. Filamu, nyimbo, vichekesho. Mwezi wa 2 ile mwaka batu walianza kuja wanasema, fundi niwekee za vita. Nikaweka. Kila mtu aliyekuja na mpya nilikuwa nakopi mu ordinateri yangu, nikafanya dosie yake, nikaipa jina. Biashara ilikuwa imekufa, mabenki imefungwa, hakuna pesa, hiyo ndiyo ilikuwa inatoka.

Siku moja akaja mtoto, labda miaka 10, na simu ya vitufe ya bibi yake, ile yenye kioo kidogo kama kiberiti, akaweka 500 yake juu ya meza, imekunjwa kunjwa, akasema niwekee za batu balikufa. Nikamuuliza za nini. Akasema anatafuta baba yake.

Sikumuwekea. Lakini ile dosie niliifuta kisha wiki mbili tena, sitaki kudanganya hapa. Wiki mbili.

Chukudu_Moja
Aise.

MamaWaNdosho
Fundi, nimesoma hii mara tatu. Sikuhukumu. Mungu amsaidie yule mtoto.

PapaWaLiege
Na si yeye tu. Na mimi nilikuwa nasimamisha videyo kuangalia viatu. Nani hapa hakufanya.

FundiSimu_Majengo
Mama, turudi kwako, nikuambie vya kufanya leo leo, haichukui dakika 5. Fungua WhatsApp, vile vitone vitatu vya juu, ingia paramètres, kisha «Stockage et données». Hapo utaona mahali pa kupakua yenyewe: kwa mega, kwa wifi, na ukiwa nje ya nchi. Ingia kila moja ondoa alama yote, picha, sauti, videyo, dokumenti. Tangu hapo hakuna kitu kitaingia mpaka uguse mwenyewe, na mega zako zitapona. Kisha rudi kwa «Discussions» utakuta «Visibilité des médias», zima. Hiyo inafanya vile vitu vya WhatsApp visitokee mu galari. Lakini ile ya zamani haifuti, ya zamani lazima ufute kwa mkono, na usisahau kuingia tena kwenye kitupio cha galari, simu nyingi zinachunga mule siku 30.

MamaWaNdosho
Nimefanya. Nimepata 1.3 giga. Nilikuwa nikisema simu imezeeka.

Kadutu_Boy
Na TikTok ndo imewekwa saa moja tu kwa siku kwa batoto, tangu 2023. Na chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kabisa kufungua.

Etidia21
Hapana, ni miaka 13. Hiyo 16 ni kwa kuandikiana kwa siri, chini ya 16 huwezi. Na ile saa moja ni kweli, walio chini ya 18, tangu mwezi wa 3 2023, lakini ikiisha inakuomba namba ya siri ya kuendelea na kama mzazi hakufunga akaunti yake kwa ya mtoto, ile namba mtoto anaiweka mwenyewe. Na zaidi ya hapo nani hapa mtoto wake ameandika mwaka wake wa kweli? Mdogo wangu wa miaka 11, kwa TikTok amezaliwa 1987. Ni mkubwa wa mama.

Lakini kuna kitu kinasaidia na wakubwa hamkijui: ukiona videyo mbaya, usiikimbie haraka na usisome komenti, bonyeza muda mrefu juu yake, chagua haipendezi. Na kuna mahali pa kuanza upya yote, kama akaunti mpya, nayo ilikuja 2023. Mimi nilifanya, ndiyo nikapata mapishi. Mbele ya hapo ilikuwa ukiangalia moja ya vita mpaka mwisho, inakuletea kumi.

Mwalimu_Himbi
Na WhatsApp je?

Etidia21
WhatsApp kwenye magrupu haina wa kuchagua, mwalimu. Hakuna mashine. Ni anko.

Mwalimu_Himbi
Nimecheka lakini ni kweli. Inanikumbusha volkeno. Zile vokali za usiku, jumbe za sauti, «Nyiragongo inalipuka tena saa tisa, nimeambiwa na mtu wa ndani», sauti ya mwanaume, anapumua sana. Watu walitembea na watoto mgongoni kwenda Sake kwa sababu ya sauti ya mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Kadutu_Boy
Ile ya mwezi wa 6 2021, nakumbuka, mlijaa kwetu Bukavu na mashuwa.

Mwalimu_Himbi
Mwezi wa 5. Tarehe 22, Jumamosi jioni. Na tarehe 27 ndiyo serikali yenyewe ikatangaza mitaa 10 kati ya 18 itoke. Hapo ndipo shida: baada ya siku tano za uongo, likatoka tangazo la kweli, na lilifika kwa simu ile ile, kwa magrupu yale yale. Mtoto atajuaje? Mimi mwenyewe sikujua, nilitoka nikiwa na viatu viwili vya kushoto.

ShangaziBagira
Tuliwapokea. Kwangu walilala 14.

MamaWaNdosho
Shangazi Mungu akubariki, hata siye tulipokelewa Bukavu, sikumbuki hata jina ya ule mama ila alitupikia sombe.

ShangaziBagira
Kumbe ulikula kwetu. Basi nisikilize, na wewe mtoto wa Kadutu ufunge kinywa. Nilisema maombi, nitasema tena maombi. Lakini mjukuu wangu alikuwa hivo, haongei, anaangalia simu ya mama yake mpaka usiku. Sikumuambia acha. Nilimpa kinu. Kila mangaribi wewe ndo wa kutwanga sombe. Siku za kwanza alikuwa anatwanga na hasira majani yanaruka. Kisha akaanza kuongea, mwenyewe, kila pigo neno moja. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa naongeza tu majani, hata siku ile sombe ilikuwa imetosha.

Dada_Nguba
Shangazi hiyo nimesomea miaka mitano na wewe umeifanya kwa kinu 🙏

Na hata kisayansi mikono si mchezo. Kuna watafiti wa Uingereza, 2009, walionyesha watu filamu ya ajali na majeraha, kisha nusu saa baadaye wakawapa wengine wacheze Tetris dakika kumi. Waliocheza, ile wiki, picha ziliwarudia mara chache kuliko ambao hawakucheza. Wanasema macho ya akili yanakuwa na kazi ya kupanga vitofali, picha mbaya inakosa nafasi ya kukaa.

Kadutu_Boy
Kwa hiyo dawa ya simu ni simu.

Dada_Nguba
😂 Walikuwa watu wazima, na ni mara moja baada ya kuona, sio mwaka mzima baadaye. Usimpe mtoto wa mama Tetris useme dada wa Nguba ameandika dawa.

FundiSimu_Majengo
Sasa hapo mwaka mzima baadaye mi nataka kuuliza. Kama ni vita, mbona alikula sambaza na vichwa mwaka mzima? Ameanza wiki mbili hizi. Mi nasema ni videyo, ameigundua wiki mbili hizi.

PapaWaLiege
Ao ni kinyume. Mtu anashika, anashika, siku kukitulia ndiyo inatoka. Mimi nililia mwezi wa 9, kwenye tramu, bila sababu.

Mwalimu_Himbi
Ao ni usingizi. Samahani nirudishe chini. Mama, analala saa ngapi? Mtoto wa umri huo anatakiwa kulala masaa 9 mpaka 12 kwa siku. Darasani kwangu wanaonisinzilia ni wale wenye kaka zao wanaonunua mega za usiku, kwa kuwa ni rahisi, basi nyumba nzima inakesha. Mtoto asiyelala wiki mbili hata mwiko utamuangalia.

Etidia21
Mega za usiku 💀 mwalimu tuache tafadhali, ndiyo zinatusomesha.

Lushois_Kamalondo
Na 31/12/2018 walitukatiaka intaneti inchi nzima kisha uchaguzi, karibu wiki tatu. Nilikuwa na tumaini batoto batarudi ku mpira. Walienda paka kukaa pa mlango ya jirani mwenye antena ya televizio. Hakuna aliyepona kitu, tulikuwa na hasira tu.

MamaWaNdosho
Analala na kaka yake mkubwa, na ndiyo, kaka ananunuaka ya usiku. Sikufikiri hiyo. Nitaongea naye leo, wakati wa kuchagua mchele. Nitarudi.

*— siku sita baadaye —*

MamaWaNdosho
Nimerudi, samahani, umeme.

Kwanza: nilitoka mu grupu ya familia. Basimamizi ba grupu bakaona kwamba nimejitoa. Dakika kumi anko wa Sake ananipigia, nani alikukosea, tunakuja kukaa kikao. Nimemuelezea mpaka unite zikaisha. Akasema basi atatuma kwa baba ya batoto. Nimerudishwa mu grupu jana, sasa nimezima tu.

Pili, mtoto. Tulikuwa tunachagua mchele, mawe huku mchele huku. Nikamuuliza vile dada aliniambia. Akanyamaza mpaka nikafikiri hakusikia. Kisha akasema si maiti zote, zingine anaruka. Ni moja tu. Nilimuomba anionyeshe akasema umeshafuta. Akanielezea: papa mmoja amelala pa kona, na nyuma yake inaonekana meza ya ule mama anayetuuzia sambaza, na kile kitambaa chake cha plastiki cha bluu. Ile ile meza. Kila siku namtuma pale. Mi ndo namtuma.

FundiSimu_Majengo
Kwa hiyo ni videyo.

PapaWaLiege
Kwa hiyo ni mahali. Ni vita. Bila videyo angejua siku moja, mtu angemwambia.

Dada_Nguba
Kuambiwa na mama na kuona peke yako usiku kwenye simu ya mama si kitu kimoja. Alifanya nini baada ya kukuambia?

MamaWaNdosho
Aliendelea kuchagua mchele. Akaniuliza kama yule papa alizikwa. Nikasema ndiyo. Sijui kama alizikwa.

Etidia21
Mama 😔

ShangaziBagira
Ulifanya vizuri kumjibu. Kesho mpe sombe.

Mwalimu_Himbi
Na usingizi?

MamaWaNdosho
Kaka yake sasa analala sebuleni na mega zake. Mwalimu sijui ni hiyo ao ni ile ya kuongea, nilifanya vyote siku moja.

Jana sikumtuma. Nilienda mwenyewe kununua kule ziwani Kyeshero. Vichwa ametoa tena vyote. Lakini hakuvifunika, aliviacha pale pembeni vinaonekana, akala, akaenda kucheza, paka akavimaliza.

Kadutu_Boy
Sambaza ya Kyeshero mama? Njoo Bukavu nikuonyeshe sambaza.

FundiSimu_Majengo
Ziwa ni moja wewe.

Kadutu_Boy
Ziwa moja, samaki ana akili, anajua upande wa kukaa.

FundiSimu_Majengo
Mama, ukipata nafasi lete na ile simu ya kaka yake nizime na kwake. Bure. Lakini njoo mbele ya saa kumi, kisha hapo umeme wa kwangu unaenda.